Chumba cha Uani

Fomu ilikuwa na safu tisa: namba ya nyumba, jina la mwenye nyumba, ukuta, paa, sakafu, choo, maji, njia ya kufika, na ya mwisho ikaitwa "Hali". Hapo kwenye Hali unaweka herufi moja tu. N kama nyumba ni nzuri, W kama ni ya wastani, M kama ni mbovu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nipo nipo tu nyumbani nasubiri matokeo, na ofisi moja ilikuwa inatafuta vijana wenye mwandiko unaosomeka. Mama akaninyooshea shati, nikaingia mtaani na fomu zangu kwapani, najiona mtu wa serikali.

Mtaa wenyewe uko bondeni, Dar es Salaam, upande ule ambao masika yakikolea maji ya mto Msimbazi hupanda mpaka vizingitini. Sitautaja jina, maana waliomo bado wamo na mambo yao hayajaisha. Tulipewa dakika kumi kwa kila nyumba. Mimi nilijitungia kipimo changu: napiga kiambaza kwa kiganja, udongo ukidondoka naandika M, nachungulia choo, kikiwa cha shimo na kimejaa naandika M. Siku ya kwanza nilirudi na M thelathini na ushei, wala dhamira haikunisuta. Zilikuwa M za haki. Aliyewahi kuona watu wakisubiri mvua kubwa inyeshe ndipo watapishe vyoo, kinyesi kiteremke na maji mpaka mlangoni kwa jirani wa chini, hawezi kuzisifia nyumba zile.

Siku ya sita nikafika kwa bibi mmoja. Nyumba yake ilikuwa nyumba ya Kiswahili kamili: baraza mbele, ukumbi unapita katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, nyuma kuna ua, na huko uani pameongezwa chumba kimoja cha mabanzi na bati chakavu kilichoegemea ukuta wa jikoni. Nikamsalimu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmekuja kuhesabu nini tena?"

"Nyumba, bibi."

"Nyumba si hii moja, umeshaiona. Kaa basi unywe chai."

Nikakaa. Alikuwa anapepeta mchele, pumba zinaangukia miguuni mwangu. Akaniomba nimsomee nilichoandika kuhusu kwake, nikamsomea mpaka M ya mwisho, sauti ikipungua kadiri ninavyoikaribia. Hakukasirika. Aliweka ungo chini akaniuliza, "Choo umeandika, bati umeandika. Yule wa chumba cha uani umemwandika wapi?"

Nikaipitia fomu kutoka juu hadi chini, kama mtu anayetafuta ufunguo alioushika mkononi. Safu ya mpangaji haikuwepo.

Yule wa chumba cha uani alikuwa mama mwenye watoto wawili, mkaanga maandazi. Huamka saa kumi alfajiri, na kufikia saa kumi na mbili beseni liko kichwani, anawafuata mafundi na makuli wanaopita kwa miguu kwenda kazini. Unga hukopa kwa Mangi wa duka la kona, jina lake limo kwenye daftari, na jioni hulipa nusu ili kesho akopeshwe tena. Kodi yake ndiyo inayomnunulia bibi dawa za presha. Chumba kile kwenye fomu yangu kilikuwa sehemu ya ubovu wa nyumba. Kwa bibi kilikuwa pensheni, na kwa mama yule kilikuwa mtaji, kwa sababu akihamia mbali na ile njia ya mafundi, biashara imekufa.

Usiku nilifanya jambo la kitoto. Nilichukua fomu tupu nikaijaza kwa nyumba yetu, nyumba nilimozaliwa na kusomea kwa taa ya chemli. Ukuta, paa, sakafu, choo. Nikafika kwenye Hali, nikaandika M, nikaikunja fomu nikaisokomeza chini ya godoro.

Mkutano wa mtaa kuhusu mpango wa kuujenga upya uliitishwa wiki chache baadaye, uwanja wa shule ya msingi. Kulikuwa na meza yenye kitambaa, chupa za maji, na ramani iliyobandikwa ubaoni ikionyesha maghorofa, miti na watoto wakiendesha baiskeli. Mzee mmoja aliyekuwa fundi seremala alisimama akauliza swali fupi: huyo mwenye baiskeli anakaa wapi sasa hivi? Watu wakacheka, meza kuu haikucheka. Wakafuata wenye nyumba: nani atathamini, kwa bei ya mwaka gani, na tukibomolewa leo hayo maghorofa yatakuwa tayari lini? Yalikuwa maswali ya watu wanaojua kuhesabu. Mama wa maandazi naye akanyoosha mkono, akauliza ataandikwa wapi. Akajibiwa kwamba mpangaji atazungumza na mwenye nyumba wake. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza kuu, nimeshika rundo la fomu, na kwenye rundo lile jibu hilo lilikuwa limeshaandikwa kwa mwandiko wangu.

Kwenye ripoti tuliyosaidia kuinakili, maswali yale yote yaliingizwa kwenye sentensi moja: wananchi walionyesha upinzani. Nimekuwa nikilikwepa neno hilo tangu siku ile. Sikumsikia mtu hata mmoja pale uwanjani akisema hataki nyumba nzuri.

Baadaye nikaanza kusoma, nikakuta kwamba jiji hili limeshaupitia mtihani huu zaidi ya mara moja. Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilipewa kazi ya kuvunja nyumba za miti na udongo katika mitaa kama Magomeni na kusimamisha za matofali palepale. Hilo neno palepale lilikuwa na heshima yake. Lakini ukivunja nyumba moja ukajenga moja hujaongeza kitu, na huku treni na mabasi yanashusha wageni kila siku. Kufikia miaka ya 1970 serikali yenyewe ikageuza njia: kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Sinza na Kijitonyama vikapimwa viwanja, na Manzese badala ya kubomolewa ikaachwa isimame, ikapelekewa barabara na maji. Waliokuwa wameandikiwa M wakapewa bomba. Haikuwa kazi kamilifu, lakini naihusudu kwa sababu mtu aliamka asubuhi akiwa kwake.

Ipo na habari ya Magomeni Kota. Kaya 644 zilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zikavunjwa, kisha eneo likakaa tupu huku waliotolewa wakihangaika kupanga huku na kule. Septemba 2016 Rais Magufuli aliwafuata akaagiza wajengewe na wao wawe wa kwanza kurudi. Rais Samia aliyazindua maghorofa waliyojengewa Machi 2022, na mjadala ukahamia kwenye bei ya kuuziana. Kuna mtoto aliyetoka pale akiwa darasa la kwanza akarudi kidato cha nne. Watu wakidai ahadi iliyoandikwa huambiwa wanachelewesha maendeleo. Ukipiga hesabu ya miaka utaona ni nani aliyechelewesha.

Nikaisoma na sheria ya fidia. Kanuni za mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinasema anayeondolewa alipwe, pamoja na thamani ya mali, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya mwezi mara miezi 36, na usafirishaji wa mizigo tani 12 kwa kilomita 20. Nilicheka peke yangu. Tani 12! Mama wa maandazi ana godoro, karai, beseni, majiko mawili na masanduku ya watoto. Yote yanaingia kwenye mkokoteni mmoja, na nafasi ya kukaa mtoto inabaki. Halafu hata hizo tani si zake, maana fidia inamfuata mwenye mali. Miezi 36 ya posho ya makazi anapewa mwenye nyumba. Anayelala humo kwa kodi anapewa notisi.

Na kilomita 20 si umbali wa kuchezea. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipowaondoa watu wa mabondeni, wengi walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Wapo waliouza wakarudi bondeni, na mjini tukawacheka kwamba wamezoea shida. Siku moja nilipanda daladala asubuhi kutoka upande ule kuja Kariakoo. Nilibadilisha gari, nikafika jua limeshawaka. Maandazi ya saa kumi na mbili yangekuwa yamepoa tangu njiani.

Isije ikaonekana najifanya wakili wa kila pingamizi. Pale mtaani alikuwepo mwenye nyumba aliyepinga kwa sauti kuliko wote, kumbe ana nyumba nne bondeni na yeye mwenyewe analala Tabata. Kila masika wapangaji wake wanalala juu ya meza, yeye anakuja mwisho wa mwezi kuchukua kodi. Huyo naye alipigiwa makofi uwanjani. Na bonde ni bonde, mto haujui leseni ya makazi. Kuna nyumba ambazo kwa kweli hazikutakiwa kulalwa na mtu hata usiku mmoja zaidi, na mimi ningeziandikia M hata leo.

Ila Hananasif, Kinondoni, kazi ya kuboresha makazi ilianzia mahali pengine kabisa. Miaka ya 1990 wakazi walikaa pamoja na wataalamu kuhusu maji ya mvua yaliyokuwa yanawazamisha, wakachimba mitaro wao wenyewe kwa malipo, wakatengeneza na njia zao. Mtu aliyeshika sururu kwenye mtaro anajua unapita wapi na kwa nini umekata kona, kwa hiyo akija jirani kutupa taka humo, hasubiri mtendaji wa kata. Ramani ya mradi ule ilichorwa watu wakiwa wamesimama juu yake.

Mwaka jana nilipita tena kwa bibi. Alishafariki, nyumba iko kwa mwanawe. Ukuta wa mbele una X nyekundu ya kubomolewa iliyofifia mpaka inataka kuwa waridi, na pembeni yake pameandikwa kwa rangi nyeusi mpya: NYUMBA HII HAIUZWI. Uani vyumba vimekuwa vitatu. Maghorofa ya kwenye ramani hayajaonekana, wala tingatinga halikuja.

Nikaenda kwa Mangi kumuulizia mama wa maandazi. Akaniambia alihama mwaka uleule wa X, siku chache tu baada ya rangi, akihofia kubomolewa usiku na watoto ndani. Alikokwenda hakumwambia mtu. Mangi alitoa daftari la zamani chini ya mizani, akafungua ukurasa wake akanionyesha: deni la unga alikuwa amelipa lote.