Mtembezi na Wenye Kisiwa

Watu wengi huenda kisiwani kutazama bahari, wakarejea kwao bila ya kuwaona wenye kisiwa. Mchanga wameukanyaga, maji wameyaoga, na jua limewachwea mbele ya macho yao. Lakini wakiulizwa watu wa huko hufanya kazi gani, hula nini na huhofu nini, hawana la kujibu. Utembezi wa namna hiyo ni nusu ya utembezi, na nusu iliyopotea ndiyo bora.

Natutazame visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo, vilivyo kusini-mashariki ya kisiwa kikubwa cha Mafia. Mtembezi hupanda mashua Utende, na kabla hajamaliza kustaajabia rangi za maji huwa amekwisha fika Chole. Hapo huonyeshwa popo wakubwa walao matunda, waliojining'iniza mtini mchana kutwa kama nguo zilizoanikwa. Huonyeshwa pia magofu ya majumba ya Wajerumani, waliotawala Mafia kutoka kisiwa hicho kabla ya kuhamia Kilindoni. Mizizi ya miti imezikumbatia kuta zile, na mtu hawezi kujua kama inazibomoa au inazizuia zisianguke.

Akitaka kuona zaidi, na ayaache magofu aende kwa mafundi wa vyombo. Atakuta jahazi likiundwa juu ya mkuku wake, mataruma yametokeza kama mbavu, na tezo ikifuata mstari usiochorwa penye karatasi yo yote, kwa sababu ramani yake imo kichwani mwa fundi.

Maji yakipwa, mtembezi huona uwanja mpana wa mchanga na mwamba, akasema ni mandhari nzuri. Mwanamke wa kijijini huuona uwanja huo huo, naye akaona kitoweo, maana pweza yumo tunduni mwake. Wote wawili husema kweli. Lakini mmoja akikosea saa ya maji hulowa nguo, na wa pili akikosea huwalaza watoto na njaa. Huko Jibondo, ambako ardhi ni mwamba wa matumbawe na maji matamu ni adimu, watu kwa miaka mingi wamevusha maji ya kunywa kwa vyombo kutoka visiwa jirani. Bahari imewazunguka pande zote, wala haiwakati kiu.

Mwaka 1995 eneo hili lilifanywa hifadhi ya bahari, ya kwanza katika Tanzania, lenye kilomita za mraba 822, na vijiji kadhaa vimo ndani yake. Haja ya hifadhi haikanushiki. Baruti zilikuwa zikivunja matumbawe, na matumbawe yakifa samaki hawana makao; tena kasa hutaga katika fukwe za mashariki ya Juani, na mayai yao hayana mlinzi ila binadamu mwenye huruma. Lakini gharama ya ulinzi huo hailingani kwa wote. Mgeni hulipa kiingilio mara moja akaondoka. Mvuvi hulipa kila siku, kwa mtego uliokatazwa na mwamba usioruhusiwa kuvuliwa. Haki hudai kwamba anayelipa zaidi asikilizwe zaidi, na apate fungu lake katika faida ile.

Mwenye shaka juu ya neno hili na avuke hadi Kua, katika Juani. Hapo palikuwa na mji wa mawe, wenye jumba la watawala, misikiti na makaburi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Bukini, yaani Madagaska, waliuvamia mji, wakaua watu na kuchukua wengine utumwani. Na Kua haikurudia kuwa mji. Leo mibuyu imesimama penye nyua, na sauti inayosikika ni ya ndege na mawimbi.

Wageni husifu utulivu wa mahali pale. Ni utulivu mzuri kweli, ila wenyeji wasingeutaka, kwa kuwa walioununua waliununua kwa maisha yao. Basi kila anayepanga mambo ya kisiwa, awe mtawala, mwenye hoteli au mtaalamu wa samaki, na aitazame Kua kwanza. Ufukwe wake haukupungua uzuri hata kidogo; kilichopungua ni watu.