Safu ya Mwisho

Mwaka 1998 nilikuwa muuguzi katika zahanati ya shamba moja la chai kati ya Kericho na Bomet. Daftari la vipimo vya saratani ya mlango wa kizazi lilikuwa mikononi mwangu. Nililipiga mistari mwenyewe kwa rula: jina, umri, nambari ya nyumba, tarehe, majibu, matibabu.

Wanawake walikuja baada ya mzani wa mchana, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Hawakuwa wengi. Mshahara ulikuwa kilo, na saa moja ya foleni kwangu ni kilo zilizobaki mchaini. Nilipaka ute juu ya kioo, nikautia spiriti, kioo kikafungwa kwenda Nairobi. Majibu yalichukua wiki nyingi.

Siku moja yalirudi majibu mabaya ya mama mmoja aliyetoka Kisii. Niliyatia mfukoni nikashuka hadi kwenye nyumba za wafanyakazi. Mlango ulifunguliwa na msichana nisiyemjua, amebeba mtoto.

“Sista, huyo alishahama,” jirani akaniambia. “Kazi yake iliisha mwezi uliopita.”

Kwao hasa ni wapi? Hakuna aliyejua. Nikarudi, nikaandika “amehama” kwenye safu ya matibabu. Mwisho wa mwezi nikapeleka ripoti. Fomu iliuliza wangapi wamepimwa, naye nilimhesabu. Haikuwa na mahali pa kuuliza wangapi wametibiwa. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu hesabu yangu ilipokelewa kuwa nzuri.

Baadaye kikaja kipimo cha siki. Unapaka, unasubiri dakika moja, doa jeupe linajitokeza mama akiwa bado kitandani. Penye mashine ya kugandisha, doa linalofaa kutibiwa hivyo hugandishwa siku hiyohiyo, kabla hajahama. Oktoba 2019 wasichana wa miaka 10 walianza kuchanjwa dhidi ya saratani hii. Hata hivyo, kwa makadirio ya mwaka 2020, ugonjwa huu uliua wanawake zaidi ya 3,200 nchini Kenya mwaka huo.

Shirika la Afya Duniani sasa linataka, ifikapo 2030, wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa, na 90 kati ya kila 100 wanaokutwa na ugonjwa watibiwe. Wewe unayeshika daftari leo, chukua nambari ya simu ya mama na jina la kijiji chao kabla hajashuka kitandani. Na usifunge mwezi kabla ya kusoma safu ya mwisho.