Joko na Jokofu

Neno jokofu nililijua nyumbani kwetu kabla jokofu lenyewe halijaingia. Wanaisimu wana mizani yao ya kupimia asili ya maneno, wala sishindani nao. Lakini mimi tangu ujana hulisikia kuwa ni maneno mawili yaliyofungwa kitanzi kimoja: joko, lile tanuri la kuokea vyungu, na -fu, kama tuipatayo katika mfu. Joko lililokufa. Kwa miaka mingi niliona aliyelibuni, awe nani, alikuwa na ushairi ndani yake.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mfua shaba katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe. Alitia bati ndani ya masufuria ya shaba, akaunga midomo ya birika zilizovunjika, akageuza makopo matupu kuwa vibatari. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake pamoja na fuawe, koleo na mivukuto. Mwaka 1980, umeme wa Bara ulipovushwa hadi Unguja kwa waya uliolazwa chini ya bahari, mjomba wangu akaanza kufungua mafriji ya watu na kuyafunga tena. Babu hakugomba. Alitamka mara moja tu: "Umelizima joko la wazee." Kisha akanyamaza, na kimya hicho kilikaa baina yao kama mgeni asiyeaga.

Kimya kile nilikikumbuka miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikifasiri makala kuhusu meli zilizosafirisha nyama katika karne ya 19. Humo nikakutana na karakana ya Dartford, kusini mwa Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1785 na John Hall, mhunzi na fundi wa vinu. Wanawe John na Edward wakaiendeleza, na herufi za majina yao zikawa jina la kampuni: J & E Hall. Walifua vyuma vya vinu, mashine za karatasi, injini za mvuke. Richard Trevithick, yule aliyetangulia kuiendesha garimoshi juu ya reli, alifanya kazi kwao mwisho wa umri wake. Alipofariki Dartford mwaka 1833, hana kitu, mafundi wenziwe wa karakana ndio waliochanga wakamzika. (Kisa hiki hakikuhusu nyama wala barafu, lakini kilinishika siku nzima nisiandike.)

Waliogeukia baridi hawakuwa akina Hall. Ukoo ulikuwa umefikia ukingoni, na kiwanda kimedhoofika, alipoingia Everard Hesketh mwishoni mwa miaka ya 1870. Yeye ndiye aliyekielekeza kwenye mashine za ubaridi. Mwaka 1886 mashine yao ilikuwamo ndani ya meli Selembria, iliyoleta Uingereza mizoga 30,000 ya kondoo kutoka visiwa vya Falkland. Haukupita muda wakaunda mashine za hewa ya ukaa, ambayo hutaka kushindiliwa kwa nguvu mara makumi ya uzito wa hewa tuivutayo. Chuma kikiwa na ufa wa unywele, kazi imeharibika. Jina la ndugu wale wawili lingali mlangoni mpaka leo, ingawa mwenye mali sasa ni Daikin ya Japani.

Basi nikajiuliza: ni nani angeweza kuifunga hewa ile isipokuwa mtoto wa uhunzi? Friji haiumbi baridi. Hushindilia gesi mpaka ipate moto, ikautoa moto huo nje kwa mirija, kisha ikaiachia itanuke na kunyonya joto la chakula kilichomo ndani. Mtu akitaka kuamini, na aweke kiganja nyuma ya friji lake. Na mirija ile ya shaba huungwa kwa moto na lehemu, kwa mkono uleule uliounga birika. Joko halikufa, limehamia mgongoni.

Haya sikupata kumwambia Babu kwa maneno. Hakuwa mtu wa kusomewa makala. Lakini Disemba 2009 waya ule wa baharini ulipoharibika, Unguja yote ikakaa gizani kwa takriban miezi 3. Mafriji yakawa makabati. Wavuvi wakarudia chumvi na jua, tukala ng'onda kama zama za wazee, na barafu ikawa kwa wenye majenereta tu. Mjomba, hana la kutengeneza, aliliburura fuawe kutoka uvunguni akaanza kuunda masanduku ya bati yenye kuta mbili, katikati akashindilia makumbi ya nazi, ili barafu iliyonunuliwa mjini ifike pwani ingali barafu.

Siku moja Babu, macho yamekwisha kumtoka, aliongozwa mpaka pale kibarazani. Akaketi, akapapasa sanduku kwa kidole gumba, pembe moja hadi nyingine, polepole.

"Lehemu hii kaipiga nani?"

"Mimi, Baba."

Kidole kikarudi nyuma kidogo, kikasimama.

"Hapa haijashika. Ipashe tena."

Mjomba akawasha moto.