Barabara ya Kasenyi, Tulipokuwa Tukisimama

Zamani za Zaire, watu wa Bunia waliokuwa na gari, au waliokuwa na ndugu mwenye gari, walikuwa na desturi ya kushuka ziwani siku moja ya vakansi. Hakuna mgonjwa wa kumpeleka, hakuna kilio, hakuna biashara. Mtu alisema tu, "Kesho tunashuka Kasenyi," na jioni ileile kuku akakamatwa. Njia yenyewe ni kilomita 50 na kitu. Mwenye haraka, barabara ikiwa kavu, aliimaliza asubuhi. Sisi ilituchukua siku nzima, kwa sababu tulikuwa tunasimama.

Baba mdogo alikuwa na Toyota ya wazi nyuma. Watoto tulipangwa humo juu ya mikeka, mwezi wa kumi na mbili, mvua zimekatika na vumbi limeanza. Bogoro tulisimama kwa ajili ya ndizi. Mbele kidogo tulisimama kwa ajili ya ng'ombe waliokuwa wakivuka: baba mdogo alizima gari, akashuka kumsalimu mchungaji, wakaulizana habari za maziwa, za malisho na za ukoo, na ng'ombe wa mwisho alikuwa ameshavuka zamani ndipo wakakumbuka kuagana.

Halafu tulisimama ukingoni, pale nchi inapokatika. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Ziwa liko kwenye mita 600 na kidogo. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inashukwa kwa mkupuo mmoja, kwenye Milima ya Bluu. Kutoka juu unaona uwanda, kisha maji, na siku ya anga safi unaona milima ya Uganda ng'ambo. Desemba 1887 mvumbuzi Stanley alitokea kwenye ukingo wa ziwa hili akimtafuta gavana Emin Pasha. Yeye alikuwa na haraka zake.

Kwenye mteremko baba mdogo aliingiza gia ya kwanza na kuiachia injini kazi ya kulishika gari. Hata hivyo breki zilipata moto. Kwenye kona pana alisimama, akatia jiwe mbele ya gurudumu, tukashuka wote kungoja zipoe. Ukilisogelea gurudumu harufu ya kuungua ilikupiga puani. Mama mmoja aliyekuwa akipanda na mzigo wa samaki kichwani alitucheka: "Papa, pumuzika tu. Ziwa haitakimbia." Sisi watoto tulikata njia ya mkato kwa miguu, tukalitangulia gari huko chini na kulingoja kwa majivuno.

Shuleni tulifundishwa kuliita Ziwa Mobutu Sese Seko. Nyumbani wazee walisema Albert, wakinyamaza akipita mgeni. Walikumbuka pia meli iliyoitwa Robert Coryndon, iliyokuwa ikivusha abiria kutoka Butiaba, Uganda, hadi Kasenyi, na Wazungu walioshuka hapo wakapanda magari kwenda msituni kutazama okapi wa Epulu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda, yakaiharibu bandari ya Butiaba, na meli ikawa historia. Barabara tuliyodhani ni ya vakansi zetu ilikuwa imewahi kuwa ya vakansi za wengine, ambao babu zetu waliwabebea mizigo.

Jioni, kabla ya kurudi, samaki wa sangala alipitishwa kamba kwenye shavu ikatokea mdomoni, akafungwa mbele ya gari, juu ya bampa, apigwe na upepo. Alifika Bunia amegeuka mwekundu kwa vumbi upande mmoja. Mama alimwosha mara mbili kabla ya kumpaa.

Vita vilivyoanza eneo la Djugu mwaka 1999 vilibadilisha maana yote ya kusimama. Sasa aliyeamua usimame wapi ni mwenye bunduki na kamba aliyoivuta kati ya miti miwili. Tarehe 24 Februari 2003 Bogoro ilishambuliwa, na kijiji tulichokijua kwa ndizi kikajulikana La Haye. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya huko ilimhukumu kiongozi wa wanamgambo, Germain Katanga, kifungo cha miaka 12 kwa shambulio hilo. Mwaka 2017 majaji wakaamua wahanga 297 wapewe dola 250 kila mmoja, kama ishara tu, pamoja na misaada ya jumla.

Baada ya kikosi cha Artemis cha Umoja wa Ulaya kuja Bunia katikati ya 2003, na magari meupe ya MONUC, ya Umoja wa Mataifa, kuzoeleka, tulianza kushuka tena, lakini si kwa mtindo ule. Tuliondoka jua limeshapanda, baada ya kusikia kwamba wengine wamepita salama. Kabla ya kuondoka mtu alipiga simu: "Njia iko aje?" Jibu: "Iko sawa, lakini musikawie." Dereva hakuzima injini Bogoro. Ukingoni tuliliona ziwa kupitia kioo, gari likitembea. Kisha vurugu zikarudi Djugu mwishoni mwa 2017, Mei 2021 mkoa wetu wa Ituri ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi, na Februari 2025 wanajeshi wa Uganda nao wakaingia Bunia. Leo hii wengi wa watu ambao tungewasalimia njiani wanaishi mjini, kwenye kambi za waliokimbia.

Ndugu yangu anayeishi Ireland alinitumia picha za vakansi yake huko Kerry: vilima vya majani mabichi, ukungu, ng'ombe kando ya njia. Nikadhani ni Fataki, kule Djugu. Nilimpigia kumuuliza safari ilikuwaje, akasema hakuna la maana: walisimama kula mkate, wakasimama kondoo wapite, wakasimama kwa sababu mke wake alipenda mto fulani. Aliona aibu kidogo kwamba hana kisa cha kunisimulia. Mimi niliona amenisimulia kila kitu.

Watoto wangu huniuliza: "Papa, kule Kasenyi mulikuwa munaenda kufanya nini?" Nikijibu "kutembea tu", wanasubiri sehemu ya pili ya jibu. Kwao safari ina sababu na ina saa ya kurudi. Lakini mimi nikitaka kujua hali ya njia, siulizi bariyeri ngapi zimeondolewa, wala magari mangapi yamefika. Hata wakati wa vita magari yalifika. Nauliza kama wamama wa ndizi wametandaza tena kando ya barabara pale Bogoro. Wao hawapotezi siku yao mahali ambapo dereva anaogopa kuzima injini.