Mkono wa Pili wa Sufuria

Wahenga walinena kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Hata hivyo, kwa mtu anayejipikia bia nyumbani akitegemea mteremko, methali hii haina budi kupinduliwa. Kushuka si taabu. Maji yakishafika juu, bilula hufunguliwa nayo yakajiendea yenyewe hadi chini, bila umeme wala jasho. Ngoma ni kupanda. Aghalabu wanaousifu mteremko kuwa ni wa bure husahau kuuliza ni nani aliyeyafikisha maji huko juu.

Swali hilo lilimfika mwanamume mmoja mzaliwa wa Bungoma, magharibi mwa Kenya, akiwa mbali na kwao, katika jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani. Alikuwa akiishi na ndugu yake mdogo pamoja na mwanawe wa kiume. Kwa miaka tisa ndugu hao walikuwa na ada yao: Jumamosi moja ya kila mwezi, theluji iwepo isiwepo, walifungua mlango wa gereji, wakawasha meko ya gesi nje kidogo ya kizingiti ili hewa yenye sumu isiwazingire, wakapika lita 19 za bia. Hawakuwa wakivunja sheria. Mnamo mwaka wa 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoondoa kodi ya serikali kuu kwa bia inayopikwa nyumbani, mradi isiuzwe. Kwa mujibu wa sheria hiyo, nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi ina ruhusa ya galoni 200 kwa mwaka, yaani takriban lita 757. Nyumba yenye mtu mzima mmoja hupewa nusu yake. Wao hawakufikia hata thuluthi ya kiwango chao.

Mtambo wao ulikuwa kichanja cha mbao chenye ngazi tatu, ambacho yule mdogo alikiunda kwa mikono yake. Ngazi ya juu, iliyofika usawa wa mabega, ilikuwa ya maji ya moto. Ya kati ilibeba pipa lenye kichujio, ambamo kilo 5 za kimea cha shayiri zilitiwa. Chini kabisa ilikuwapo meko na sufuria kubwa. Lita 15 za maji zilipashwa moto, zikamiminwa juu ya kimea, mchanganyiko ukaachwa kwa muda wa saa moja kwenye joto la nyuzi 65 hadi 68 za Selsiasi. Katika saa hiyo vimeng'enya vilivyomo ndani ya kimea hugeuza wanga kuwa sukari. Kisha lita 15 nyingine, zenye joto la nyuzi 76 hivi, ziliteremka taratibu kutoka juu, zikiisuuza sukari iliyosalia. Kimea hufyonza takriban lita 5. Lita 25 zilizobaki ziliingia katika sufuria ya chini, zikachemshwa pamoja na maua ya hopsi, zikapozwa, ndipo hamira ikatiwa.

Ila walikuwa na meko moja tu, nayo ilikuwa chini. Kwa hivyo maji yote ya moto hayakuwa na budi kupandishwa kwa mikono. Hili halikuwahi kuwa tatizo. Sufuria ilikuwa na mikono miwili, nao walikuwa wawili.

"Tayari, kaka?" mdogo angeuliza.

"Tayari. Polepole."

Na sufuria ingepaa hadi mabegani, isimwage hata tone.

Januari ya mwaka wa 2022 yule mdogo aliaga dunia kwa maradhi ya moyo. Kichanja kilikaa gerejini miezi minne bila kuguswa. Mwezi wa Mei kaka alijitia moyo akapika peke yake. Lita 15 za maji pamoja na sufuria yake ni kilo 19 hivi, na mtu aliyelelewa akibeba magunia ya mahindi hawezi kuuita huo mzigo. Lakini maji yana hila ambayo mahindi hayana: hayatulii. Yaliyumba upande mmoja, sufuria ikagonga ukingo wa ngazi ya juu, maji ya moto yakamwagika. Yaliunguza mguu wake wa kushoto kuanzia kifundo hadi vidole. Sakafu iliyolowa ndipo mahali ambapo mwanawe, kijana wa miaka 16, alikuwa amesimama muda mfupi tu kabla ya kutumwa ndani kuleta kipimajoto.

"Baba, ungeniita nikushikie," kijana alisema alipokuwa akimmiminia maji baridi mguuni.

"Ningekuita, ungekuwa hapa yalipomwagika."

Tangu siku hiyo mjadala wa mteremko na pampu ukaingia nyumbani humo. Kijana alipendekeza pampu ndogo ya umeme, na vyombo vyote vitatu vikae usawa mmoja, chini ya kiuno, pasiwepo chombo cha moto cha kuinuliwa tena. Aliongeza kwamba pampu ingeweza kuyazungusha maji matamu ya kimea, yakatoka chini ya pipa na kurudishwa juu mara kwa mara hadi yatakate, huku joto likibaki sawasawa pipani kote.

Baba alikuwa na hoja zake, nazo hazikuwa za kubuni. Pampu ikivuta kwa pupa, hukandamiza kimea hadi kikawa kama udongo wa mfinyanzi, na hapo hapapiti kitu. Maji yanapokaribia kuchemka, mvuke hujikusanya ndani ya pampu, ikaanza kunguruma bila kusukuma. Mipira yake sharti isafishwe kila baada ya kazi, la sivyo uchafu huchacha humo na kuharibu bia ijayo. Fauka ya hayo, umeme na maji ni majirani wabaya. Soketi isiyokuwa na kinga ya kukata umeme unapovuja yaweza kumwangamiza mtu. Mteremko hauna lolote kati ya hayo: haunguruki, hauharibiki, hauhitaji vipuri. Alifikiria pia kununua meko ya pili na kuiweka ngazi ya juu, ili maji yapandishwe baridi, jagi kwa jagi, yachemkie huko huko. Hii ni njia halali, na wengi huifuata. Lakini alipojiona amesimama chini ya sufuria ya maji ya moto iliyo usawa wa uso wake, mguu ulimwasha.

Ilikuwapo hoja nyingine ambayo hakuitamka. Kukubali pampu kulikuwa sawa na kukiri kwamba mkono wa pili wa sufuria hautashikwa tena. Sheria ilikuwa imekwisha kukiri: nyumba hiyo sasa ilikuwa ya galoni 100. Yeye alikuwa bado.

Kilichomlegeza si ushindi wa hoja moja juu ya nyingine, bali ni kugundua kwamba pande mbili alizozitenganisha hazikuwa mbalimbali kama alivyodhani. Alisoma habari za kiwanda cha bia cha Hook Norton, katika eneo la Oxfordshire nchini Uingereza, kilichoanzishwa mwaka wa 1849. Jengo lake la mwishoni mwa karne ya 19 ni mnara wa ghorofa kadhaa, na bia hutengenezwa ikishuka kutoka ghorofa hadi ghorofa. Ni mteremko mtupu. Lakini ndani ya mnara huo umo mtambo wa mvuke, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuyasukuma maji hadi juu. Waliojenga mnara ili wauamini mteremko walijua kwamba hapana mteremko usiotanguliwa na kupandisha.

Kinyume chake nacho ni kweli. Pampu ya aina anayoitumia mpikaji wa nyumbani haiwezi kujianzia. Ikiwa na hewa ndani, huzunguka bure. Sharti iwekwe chini ya chombo, maji yaingie kwa uzito wake yenyewe na kuijaza, ndipo iwashwe. Na mwendo wake hupunguzwa kwa bilula iliyo upande wa kutokea, kamwe si upande wa kuingilia, maana ikinyimwa maji hukwama. Kwa maneno mengine, pampu huanza kazi kwa hisani ya mteremko.

Alipolitafakari jambo hilo, fikira zilimrudisha Bungoma, kwa babu yake. Busaa haikuwekwa juu ya kichanja chochote. Ilikuwa ndani ya chungu, chungu kiko chini, wazee wamekizunguka vitini, kila mmoja na mrija wake mrefu. Pombe ilipanda kwa pumzi zao. Hakuna aliyeona aibu kuivuta, wala hakuna aliyedai kuwa mrija umeiondolea busaa heshima yake. Kilichokuwa na heshima ni duara la watu lililokizunguka chungu.

Mwezi wa Septemba baba na mwana walikifungua kichanja misumari kwa misumari. Hawakuzitupa mbao. Waliunda jukwaa moja refu lenye kimo cha sentimita 60, wakapanga vyombo vyote vitatu juu yake, na pampu wakaifunga chini, mahali ambapo maji yangeishukia kwanza. Soketi yenye kinga ilitiwa na fundi wa umeme. Kijana hatakunywa bia hiyo hadi atimize miaka 21, lakini swichi ilikuwa mikononi mwake.

Ama kwa hakika, anayechagua baina ya mteremko na pampu hachagui baina ya kazi na raha. Maji bado sharti yapandishwe, na kazi hiyo haipungui kwa sababu imefanywa na mwingine. Anachochagua ni nani wa kuibeba, na kama yupo wa kumsaidia. Aliye na mwenzake ashike mkono wake wa sufuria bila wasiwasi, kichanja kitamtosha. Aliyebaki peke yake asijione msaliti akiwasha pampu.

"Tayari, baba?" kijana aliuliza Jumamosi ya kwanza ya Oktoba.

Baba aliinama, akatazama maji yakiteremka kwenye mpira hadi pampu ikajaa.

"Tayari," alisema. "Polepole."