Basi la Hong Kong Nalo ni Basi

Ukibahatika kufika Hong Kong, mpenzi msomaji, usitishike na maandishi ya Kichina yaliyojaa juu ya maduka ya Mong Kok. Tega sikio tu. Si ajabu ukasikia neno unalolijua.

Waingereza waliingia huko 1841, wakaondoka Julai 1, 1997. Kiingereza kilikuwa lugha rasmi ya pekee hadi 1974, Kichina kilipopewa hadhi hiyo pia. Lakini nyumbani na sokoni watu walisema Kikantoni. Neno walilolihitaji walilikopa, wakalivisha nguo za kwao.

Basi huitwa "baasi". Mkubwa wa kazi ni "bosi". Fundi naye huomba "sibaana", ile spana yetu. Kikantoni hakitaki konsonanti mbili zifuatane mwanzoni mwa neno, kwa hivyo huchomeka irabu, kama tulivyofanya sisi kwa gilasi na burashi.

Ila kuwa mwangalifu. Duka dogo la mtaani ni "sido", na mkate wa kuchoma ni "dosi". Ukizigeuza silabi hizo hotelini, utakuwa umeagiza duka lililopakwa siagi!

Tena Kikantoni kina toni sita. Katika "baasi", sauti huanza juu, kisha silabi ya pili hupanda kutoka chini. Ukilitamka kwa mkato wa Nairobi, huenda dereva asikuelewe.

Basi dogo huitwa "siu baa": "siu" ni dogo, na "baa" ni kipande cha baasi. Katika yale mekundu, anayetaka kushuka hupaza sauti: "Yau lok!" yaani, kuna anayeshuka. Ukinyamaza, utapitishwa kwako.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, na wazee wengi huona maneno ya kukopa kuwa ndiyo mwanzo wa utumwa huo. Lakini sikiliza vijana wa Hong Kong wakienda kucheza mpira: husema "daa bo". "Bo" ni mpira wa Mwingereza. "Daa", yaani kupiga, ni lao wenyewe, na toni zote ni zao. Lugha yao imedumu kwa sababu mama aliisema na mwanawe jikoni.

Je, mzazi, jioni ya leo watoto wako watakusikia ukisema lugha gani mezani?