Siku Mbili Katika Mji wa Polepole

Mama msomaji, sisi wauguzi hatujui kukaa. Kanisani siku ya karamu, wenzetu wakiwa mezani, sisi tuko jikoni tunahesabu sahani. Nyumbani tukipewa mapumziko ya siku mbili tunafua mapazia. Kwa hiyo tulipopata nafasi ya kwenda mafunzoni Korea ya Kusini mwanzoni mwa mwaka 2024, wauguzi wawili kutoka Tanzania, miezi miwili katika hospitali moja ya mji wa Gwangju, kila Jumamosi tulikuwa tumeshaipangia kazi. Kulikuwa na soko la viatu, soko la vitambaa, dawa ya kuchua magoti ya mama mkwe, na orodha ndefu ya maagizo ya watoto.

Msimamizi wetu wa mafunzo, mama wa makamo kama sisi, aliiona orodha ile akacheka. Akasema mwisho wa juma mmoja tusinunue kitu, tukapumzike shamba. Alituandikia kwenye karatasi namba ya basi, 311, na jina la mahali, Damyang. Kisha akampigia simu mwanamke anayefahamiana naye, mwenye nyumba ya wageni katika mji mdogo wa Changpyeong ulio katika wilaya hiyohiyo.

Tuliondoka Jumamosi tarehe 27 Januari, tukiwa na begi moja na mzigo mwingine usioonekana. Mama mzazi wa mmoja wetu, nasi tutamwita mama yetu maana tumeshirikiana mama kwa miaka ishirini, anaishi Makete. Ni mjane, amepita miaka sabini na mitano, na ana shinikizo la damu. Novemba iliyotangulia alikuwa ameteleza jikoni akalala chini hadi jirani alipokuja kuomba moto. Ndugu walikutana wakaamua ahamishiwe Dar es Salaam kabla ya Pasaka. Kumwambia tuliachiwa sisi, kwa kuwa ndio wenye stashahada ya uuguzi, na neno letu lingemaliza ubishi. Siku ya kupiga simu ilikuwa Jumapili ya tarehe 28.

Damyang ni mji wa mianzi. Ipo bustani kubwa ya mianzi, Juknokwon, iliyofunguliwa mwaka 2003, na hata katikati ya majira ya baridi, miti mingine yote ikiwa mikavu kama fagio, mianzi ile ilikuwa kijani kibichi. Upepo ukipita inagongana taratibu juu ya kichwa. Mtu wa Makete hawezi kupita kwenye mianzi bila kufikiri ulanzi, na tulicheka wenyewe, wazee wa kanisa wasitusikie. Wakorea wao hupikia wali ndani ya kipande cha mwanzi, pamoja na maharage na njugu, na wali ule hutoka na harufu ya majani mabichi. Tuliula wote.

Kando ya mto tulipita chini ya miti mikubwa ya zamani iliyopandwa juu ya tuta. Mkuu wa wilaya wa mwaka 1648 ndiye aliyejenga tuta hilo kuzuia mafuriko, na mwaka 1854 mwingine akalitengeneza upya. Tulikaa kwenye benchi. Dakika kumi za kwanza zilitutesa, mikono haikujua iwekwe wapi.

Alasiri tulifika Changpyeong kwa basi dogo. Desemba 2007 mji huu ulikuwa mmoja wa minne ya kwanza katika bara la Asia kukubaliwa katika chama cha miji ya polepole, kilichoanzishwa Italia mwaka 1999, na alama yao ni konokono. Kuna kuta za mawe na udongo zinazopinda kati ya nyumba, zaidi ya kilomita tatu ukizijumlisha, nyumba zenye paa la vigae vyeusi, na mitungi mikubwa ya udongo uani yenye mchuzi wa maharage ya soya. Soko lao hukusanyika kila siku ya tano, nasi tulilikosa, kwani lilikuwa Jumanne. Tulitembea bila haraka. Hapakuwa na honi wala muziki. Tulisema, amani iliyoje!

Basi tukakutana na bibi mmoja amejikunja mgongo, anasukuma kigari cha mtoto mchanga. Tukainama kumtazama mtoto, kama mama yeyote angefanya. Ndani ya kigari hapakuwa na mtoto. Kulikuwa na vitunguu na chupa ya mafuta. Kigari kilikuwa fimbo yake. Mbele tukamkuta mwingine vilevile, na mwingine. Hapo ndipo jicho la uuguzi lilipofunguka tukaanza kuhesabu. Kwa saa nzima ya kutembea hatukuwa tumesikia sauti ya mtoto hata mmoja. Ukimya tuliousifu haukutengenezwa na konokono peke yake. Watoto wa mahali pale wako Gwangju na Seoul.

Mwenye nyumba yetu, aliyejua Kiingereza cha shule kama chetu, alitupeleka kwa jirani yake wa miaka themanini na miwili aliyekuwa akitengeneza peremende za mchele, sifa ya Changpyeong tangu zamani. Wanaziita yeot. Hutengenezwa wakati wa baridi, na Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi ulikuwa umebaki majuma mawili. Hapo akili zetu ziliamka, maana ile kazi tunaijua. Wanaotesha shayiri, wanaikausha na kuisaga, yaani ni kimea! Wanakichanganya na wali wa moto na maji, wanaacha usiku kucha mahali penye joto, na kimea kinaugeuza wanga kuwa sukari, kama togwa la mama zetu. Tofauti ni kwamba wao huchuja na kuchemsha yale maji kwa saa nyingi hadi yawe mazito na ya rangi ya asali nyeusi.

Halafu inakuja kazi ya kuvuta, na haifanywi na mtu mmoja. Wawili wanakaa chini wakitazamana, kila mmoja ameshika ncha. Wanavuta, wanakunja, wanapeana, wanavuta tena, juu ya mvuke ili isikauke. Polepole rangi inageuka kutoka kahawia kuwa nyeupe, na ndani vinaingia vijitundu vya hewa vinavyofanya peremende ivunjike kwa urahisi isigande kwenye meno. Bibi alivuta na jirani yake wa miaka sabini na tisa. Tulipopewa nafasi, yetu ilikatika mara mbili, wakacheka hadi wakafuta machozi.

Swali lake la kwanza kwetu lilikuwa kama tumekula. Mwenye nyumba alitueleza kwamba ndivyo wazee wa Korea wanavyosalimia. Nasi tukamuuliza maswali ya wauguzi, anaishi na nani, dawa anakunywa lini. Anaishi peke yake. Miaka mitatu nyuma watoto wake watatu walimchukua akakae kwenye fleti Gwangju, ghorofa ya kumi na nne. Alikaa majira ya baridi moja. Alisema mle ndani kulikuwa na joto, chakula kizuri, na hakuna mtu wa kushika ncha ya pili. Akarudi. Mchana anakwenda kwenye nyumba ya wazee kukutana, kila kijiji huwa nayo, wanapika pamoja na kucheza karata, na serikali husaidia mchele na gharama za kupasha moto. Asiyefika hufuatwa kwake.

Hatutaki kupamba. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba, na kizingiti cha mlango wake kiko juu mno. Usiku mambo yote ni juu yake. Desemba mwaka huohuo Korea ya Kusini ilifikisha mahali ambapo mtu mmoja kati ya kila watano amepita miaka sitini na mitano, na si kila mmoja ana jirani wa kuvuta naye. Lakini tulipokuwa tunarudi kati ya zile kuta, tulitambua kwamba katika mkutano wote wa familia kuhusu mama hatukuwa tumemuuliza mama.

Nyumba za asili za Korea zina joto sakafuni. Zamani moshi wa jikoni ulipitishwa chini ya sakafu, siku hizi ni mabomba ya maji ya moto. Unatandika godoro chini, na joto linakupanda mgongoni hadi unasahau barafu iliyoko nje. Tulilala pale kama mikate, na saa tatu usiku, Makete ikiwa saa tisa alasiri, tukapiga simu. Hatukungoja Jumapili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba wanangu. Mmekula huko?”

Tulitazamana tukacheka, hadi akauliza kuna nini. Kisha badala ya kumwambia tarehe ya kuhama, tulimuuliza yeye anataka nini. Alikaa kimya tukadhani mtandao umekatika.

“Hakuna aliyeniuliza,” alisema.

Halafu akasema mengi. Kwamba kuanguka hakumtishi, anachoogopa ni usiku. Kwamba sakafu ya jikoni ina shimo tangu baba alipokuwa hai. Kwamba angependa binti wa kulala naye, na mwezi wa sita, baridi ya Makete inapokuwa kali, aje Dar kutuona, kisha arudi kwenye viazi vyake.

Jumapili tulisali kanisa dogo la pale. Watu wa chini ya miaka hamsini tulikuwa wanne. Baada ya ibada tulilishwa supu, na tukaosha vyombo, maana mazoea hayaishi kwa siku mbili.

Ndugu hawakufurahi. Kaka alisema, “Tuliwatuma kumwambia, si kumuuliza.” Hata hivyo Machi sakafu ilimwagwa saruji, mjukuu mmoja akahamia kwa bibi, na mhudumu wa afya wa kijiji anampima shinikizo kila juma. Peremende za Changpyeong tulimpelekea wenyewe. Alivunja kipande, akakinyonya macho yamefumba, akasema, “Hiki ni kimea.”

Agosti 2025 alianguka tena, safari hii uani, akavunjika mkono. Kaka hajaacha kutukumbusha, na hatuna jibu la kumpa. Alikaa kwetu Dar wiki nane akiwa na hogo. Siku lilipotolewa, alimuuliza daktari kama mkono huo utaweza kushika jembe. Daktari alitutazama sisi. Tulinyamaza, hadi alipogeuka akamjibu yeye.